Elimu ya Maficho

Msomaji, yuko mtu atakayekuambia kuwa elimu nyingine ni bora isijulikane. Mtu huyo si mpumbavu wala si adui yako. Aghalabu ni mtu wa makamo, mwenye heshima na vitabu, na huenda ndiye akufundishaye. Akikukataza, hukukataza kwa kukutakia heri. Nataka kushindana naye katika kurasa hizi, si kwa kumdharau, bali kwa sababu siku moja nilikaa naye meza moja, akasema maneno yasiyo haki, nami nikanyamaza. Ukimya ule unanisuta mpaka leo.

Ilikuwa siku ya kuchagua kazi za wanafunzi zitakazopelekwa kwenye maonyesho ya sayansi. Waalimu tulikuwa watano. Msichana wa kidato cha tatu, mwanachama wa chama cha kompyuta nilichokisimamia mimi, aliingia akatuonyesha filamu mbili za dakika mbili mbili. Zote mbili zilionyesha mbuzi wa kwao wakinywa maji mtoni. Akatuambia kuwa ndani ya moja kati ya hizo mna barua, akatuomba tuseme ni ipi. Tulizitazama, tukazirudia, tukabishana. Hatimaye akageukia kompyuta, akaitoa barua ndani ya filamu ya pili kama mtu atoaye uzi kitambaani. Ilikuwa barua aliyomwandikia nyanya yake, yenye salamu, habari za mvua, na ombi la kununuliwa sweta.

Mwenyekiti wetu hakuuliza namna ilivyofanyika. Aliuliza swali moja tu: “Jambo hili linamfaa nani, ila mwizi?” Msichana akainama. Kazi yake ikaondolewa, naye akazuiwa kuingia chumba cha kompyuta mpaka mwisho wa muhula, ati kwa hadhari. Wenzangu walinitazama, maana mimi ndimi niliyekuwa mlezi wa chama. Nikakohoa, nikafunua karatasi. Kazi iliyofuata ilikuwa ya jiko la makaa.

Swali lile lilistahili jibu. Nalijibu leo, kwa kuchelewa.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kwa maana wengi hulihukumu bila ya kulijua. Neno la siri hulindwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulifumba, lisomwe na mwenye ufunguo peke yake. Kila aionaye barua ya namna hiyo hujua kuwa ina siri, ila hajui ni siri gani. Njia ya pili ni kuficha hata kuwako kwa siri, ili mtazamaji aione barua, au kitambaa, au filamu, asidhani neno. Sisi tusemao Kiswahili hatuwezi kujifanya wageni wa njia hii. Mwanamke anayechagua kanga kwa ajili ya maneno yake, ili jirani mmoja ayaelewe na wengine wapite bila kushtuka, anajua vyema nisemalo. Herodotus, mwanahistoria wa Wayunani, alisimulia jinsi Histiaeus alivyomnyoa mtumwa, akamchanja maneno kichwani, akangoja nywele ziote, kisha akamtuma Miletus ambako alinyolewa tena na habari ikasomwa. (Njia hiyo, bila shaka, haikufaa kwa jambo la haraka.) Jina la steganografia ambalo wataalamu huliita jambo hili lilitoka kwa abate wa Ujerumani, Johannes Trithemius, aliyeandika kitabu chake kiasi cha mwaka 1499. Kilionekana kuwa kitabu cha kuita pepo, kumbe ndani yake mna elimu ya mafumbo. Kilichapwa mwaka 1606, na mwaka 1609 kikatiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwenyekiti wetu, basi, alikuwa na watangulizi. Elimu yenyewe haikufa hata siku moja.

Sasa tuje kwenye filamu. Picha moja yenye upana wa pikseli 1920 na urefu wa pikseli 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti 3, na picha zikipita 25 kwa kila sekunde, dakika moja peke yake huhitaji baiti zaidi ya bilioni 9. Mzigo huo haubebeki kwa urahisi, na ndiyo sababu filamu hubanwa. Utaratibu wa kubana uitwao MPEG-1 ulitolewa mwaka 1993, na ule wa H.264, ulioenea mno katika simu na intaneti, mwaka 2003.

Tuwarudie mbuzi. Katika filamu ile ukingo wa mto hausogei. Kompyuta haina haja ya kuuchora upya mara 25 kwa sekunde, husema tu, “Kama ulivyokuwa.” Mbuzi akiinua kichwa, kompyuta haichori kichwa kipya, husema, “Kipande kile cha picha iliyopita kisogeze juu kiasi hiki, na kulia kiasi hiki.” Maagizo ya kusogeza huitwa vekta za mwendo, na katika H.264 hupimwa hata kwa robo ya pikseli. Kinachosalia baada ya kusogeza, yaani tofauti ndogo za mwanga na rangi, hugeuzwa kuwa hesabu kwa njia iliyotokana na kazi ya Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, aliyoichapisha pamoja na Natarajan na Rao mwaka 1974. Kisha hesabu hizo hukadiriwa. Iliyo 7 na sehemu huwa 7 au 8, na jicho halilalamiki.

Hapo katika makadirio, na hapo katika vekta, ndipo mfichaji anapoingia. Ikiwa jicho haliijali 7 wala 8, basi na tuafikiane mimi nawe kuwa hesabu shufwa ni 0 na hesabu witiri ni 1. Herufi A katika kompyuta ni 01000001. Hesabu nane tu zatosha kuibeba. Lakini mwanafunzi wangu hakuridhika na njia hiyo nyepesi, kwa sababu hubadilisha hesabu nyingi mno, na kila badiliko ni unyayo mchangani. Alitumia hila nyingine, nami nitakuonyesha ili ujue kuwa alikuwa akifanya hisabati wala hakuwa akifanya uhuni.

Chukua hesabu tatu, 12, 7 na 4. Jumla ya ya kwanza na ya tatu ni 16, ambayo ni shufwa. Hiyo inasema 0. Jumla ya ya pili na ya tatu ni 11, ambayo ni witiri. Hiyo inasema 1. Sasa ukitaka zisome 1 kisha 0, zote mbili zimekosea. Badilisha ya tatu peke yake, 4 iwe 5. Jumla zinakuwa 17 na 12, nazo zinasema 1 kisha 0. Kama ingekosea jumla ya kwanza peke yake, ungebadilisha hesabu ya kwanza. Kama ingekosea ya pili peke yake, ungebadilisha ya pili. Hivyo hesabu tatu hubeba biti mbili, na hubadilika moja tu, au isibadilike hata moja. Andreas Westfeld wa Ujerumani alitia hila ya jamii hii katika programu yake iitwayo F5 mwaka 2001, kwa picha zisizo za mwendo. Msichana wa kidato cha tatu aliielewa, akaifanyia kazi, akaitia katika filamu ya mbuzi. Sisi tukamtia hatiani.

Najua jibu la wapinzani wangu. Watasema, “Na waovu je?” Sikatai. Mwaka 2010 Marekani iliwakamata wapelelezi 10 wa Urusi, na katika mashtaka yao ilisemwa kuwa walificha habari ndani ya picha. Mwaka 2011 polisi wa Berlin walimkamata kijana mwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Ndani ya kadi mlikuwa na filamu chafu, na ndani ya filamu, baada ya kazi ya majuma, wachunguzi walitoa hati zaidi ya 100 za Al-Qaida. Mwaka 2018 mhandisi mmoja katika jimbo la New York alishtakiwa kwa kuficha faili za mwajiri wake ndani ya picha ya jua linalotua. Hayo ni kweli, na mwalimu awafichaye wanafunzi wake mambo kama hayo ni mwalimu wa nusu.

Lakini niambie, hati za Berlin zilitolewa na nani? Zilitolewa na watu waliojua jinsi zinavyofichwa. Hakuna chuo kimoja cha kuficha na chuo kingine cha kufichua. Ni chuo kimoja, na dawati ni moja. Ukilifunga kwa kumwogopa mwizi, mwizi hujifunza gizani, na polisi wako hubaki na tochi isiyo betri. Utaniambia kuwa waliogunduliwa ndio tunaowajua, na wasiogunduliwa hatuwajui. Ndivyo. Hiyo ni sababu ya kuongeza wanaojua.

Wala kukataza hakuna mwisho. Katika vita vya pili vya dunia wakaguzi wa barua wa Marekani waliogopa maficho hata wakazuia michezo ya sataranji ya kuchezwa kwa posta, na mafumbo ya maneno. Leo barua hujificha katika filamu ya mbuzi. Tuzuie mbuzi?

Tena husema, “Mtu mwema hana cha kuficha.” Neno hili hunishangaza zaidi linapotoka kinywani mwa mwalimu wa Kenya. Karatasi za mtihani wako wa kidato cha nne hulala katika makontena yenye makufuli tangu mwaka 2016, na askari wakiyalinda, wala hakuna asemaye kuwa Baraza la Mitihani ni la wezi. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Daktari ana siri za wagonjwa. Mke anayepigwa ana siri ya siku atakayotoroka. Waliotunga Katiba walijua kuwa mtu mwema ana mengi ya kuficha, na kwamba aghalabu huyaficha kwa sababu wako watu wabaya.

Hapo mpinzani mwerevu hukubali nusu. Husema, “Vyema, afumbe barua yake, aifunge kwa kufuli, lakini kwa nini aifiche?” Jibu ni kwamba ziko mahali ambako kufuli lenyewe ni hatia. Iran ilizuia programu ya ujumbe wa kufumba iitwayo Signal mwaka 2021. Urusi iliizuia mwaka 2024. Mahali pa namna hiyo aliyefumba neno amekwisha kujitaja. Mtaalamu wa Marekani, Gustavus Simmons, alilieleza jambo hili mwaka 1983 kwa mfano wa wafungwa wawili waliotaka kupanga kutoroka. Bwana jela aliwaruhusu kuandikiana kwa sharti kwamba azisome barua zote na azielewe. Fumbo lingewaponza siku ile ile. Njia yao ilikuwa moja, barua isemayo salamu na kubeba neno jingine chini ya salamu.

Na mfano huo si ndoto ya wanahisabati tu. Mwaka 1966 Jeremiah Denton, rubani wa jeshi la majini la Marekani aliyetekwa Vietnam ya Kaskazini, aliwekwa mbele ya kamera ili ulimwengu uone kuwa mateka wanatunzwa vizuri. Akajifanya taa zinamwumiza macho. Alikuwa akikonyeza kwa alama za Morse, herufi moja baada ya nyingine, neno la Kiingereza lenye maana ya mateso. Filamu ikatoka, ikaonyeshwa Marekani, na wataalamu wa jeshi wakalisoma neno. Watekaji waliipiga chapa siri ya mateka wao na kuisafirisha kwa mikono yao wenyewe. Sisemi hapa kama vita vile vilikuwa vya haki; kwangu havikuwa. Nasema kuwa mtu aliyefungwa, ambaye hakuwa na kitu ila kope zake, aliusema ukweli ndani ya filamu ya uongo. Je, mwenyekiti, alikuwa mwizi?

Liko jambo la karibu zaidi nawe, msomaji. Siku hizi filamu za uongo hutungwa na kompyuta. Wamwona kiongozi akisema asiyoyasema, au mwanafunzi mwenzako akifanya asiyoyafanya. Dawa mojawapo inayotengenezwa ni alama ya siri ndani ya filamu yenyewe. Mwaka 2024 Google ilitangaza kuwa alama yake iitwayo SynthID itatiwa katika filamu zilizotungwa na kompyuta yake. Wenye filamu pia hutia alama za siri ili nakala ikiibwa ijulikane imetoka mkononi mwa nani, na watengenezaji wa filamu wa River Road pale Nairobi, ambao nakala za kazi zao zimeibwa mno, wangeweza kufaidika nazo. Alama hizi na barua ya mfungwa hutofautiana, maana alama hutakiwa isifutike hata filamu ikikatwa na kubanwa upya, na barua hutakiwa isihisiwe. Hata hivyo mizizi ya elimu yake ni mmoja. Ukiung'oa kwa ajili ya kumkomoa mwizi, umeing'oa na dawa.

Nimesema maneno makali juu ya wakatazaji. Sasa niwageukie watu wengine ambao nawaogopa zaidi, nao ni wauzaji. Utawakuta wakisema, “Chukua programu hii, ficha utakalo, hakuna awezaye kukugundua.” Msomaji, huo ni uongo, na ni uongo uwezao kumtia mtu gerezani.

F5 niliyoitaja ilisifiwa kwa uimara wake. Mwaka uliofuata, 2002, Jessica Fridrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton waliivunja kwa hila ya kushangaza kwa wepesi wake. Walichukua picha yenye shaka, wakaifungua, wakakata ukanda wa pikseli 4, wakaibana tena. Kwa kukata huko, vigawe vya picha vilihama mahali pake, na picha ikarudi kufanana na ilivyokuwa kabla ya kutiwa siri. Wakazilinganisha mbili, na tofauti ikasema.

Katika filamu hali ni ngumu zaidi. Kumbuka kuwa kompyuta ikichagua vekta ya mwendo haichagui ovyo. Hujaribu nyingi, ikachukua iliyo nafuu kuliko jirani zake. Mfichaji akiisogeza kwa robo moja ya pikseli, jicho halioni, lakini vekta hiyo sasa si iliyo nafuu tena. Jirani yake anaishinda. Mwaka 2014 ilichapishwa njia ya ukaguzi iliyotumia jambo hilo hilo: ongeza moja, punguza moja, utazame kama jirani ni nafuu kuliko aliyechaguliwa. Vekta za namna hiyo zikiwa nyingi, filamu imeguswa. Wafichaji wakajibu kwa kuchagua mabadiliko yale tu yanayoiacha vekta ikiwa bado nafuu machoni pa mkaguzi. Wakaguzi nao wakanoa vipimo vyao. Mchezo haujakwisha, wala sioni utakavyokwisha.

Juu ya hayo, kubana kwenyewe ni adui wa mfichaji. Mfichaji hutafuta nafasi iliyozidi. Mbanaji kazi yake ni kuiondoa nafasi iliyozidi. Tena kiasi cha siri hakikui pamoja na filamu kama mtu atazamiavyo. Tangu mwaka 2007 Andrew Ker wa Oxford na wenzake wameonyesha kuwa, kwa njia zisizo kamilifu, yaani hizi zote tuzitumiazo, siri inayobebeka kwa usalama hukua kwa kipeuo cha pili tu cha ukubwa wa chombo. Filamu ikiwa ndefu mara nne, siri iwe mara mbili, si mara nne. Muuzaji asemaye, “Filamu ndefu, ficha maktaba nzima,” ama hajui, ama anajua.

Na wakikuambia kuwa njia yao ni salama kwa kuwa wameificha isijulikane, wakimbie. Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kuwa chombo cha siri kisitegemee kutojulikana kwa chombo; adui akikipata mkononi, kisiwe na hasara. Siri iwe ufunguo peke yake. Shauri hilo lina zaidi ya miaka 140, nalo huwashinda wauzaji na wakatazaji pamoja, kwa kuwa wote wawili wanadhani kuwa usalama wetu unakaa katika ujinga wa mtu fulani. Muuzaji anautegemea ujinga wa mkaguzi. Mwenyekiti wangu aliutegemea ujinga wa msichana.

Mwandishi wa habari aliyefundishwa mambo haya hatamwamini muuzaji. Atapima uzito wa siri yake, na pengine ataona ni salama zaidi asiitume. Asiyefundishwa ataamini, atatuma, na watakaolia ni watu waliomwamini yeye. Hiyo ndiyo gharama ya swali ambalo sikulijibu siku ile.

Msichana alimaliza shule mwaka uliofuata. Kabla ya kuondoka nilimwendea, nikamwomba radhi mbele ya wenzake wa chama, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. Nikamwomba pia daftari lake la kazi ile, akanipa. Ninalo mezani ninapoandika haya. Katika ukurasa wa mwisho ulioandikwa amejiuliza, filamu ya mbuzi ikitumwa kwa WhatsApp, barua ya nyanya itapona? Amejaribu mara sita, na mara zote sita filamu ilibanwa upya njiani na barua ikapotea. Chini yake ameandika namna atakavyofanya jaribio la saba, kwa kurudia kila biti mahali pengi na kupunguza salamu. Kurasa zinazofuata ni tupu, kwa maana juma lile ndilo tulilomfungia chumba.